Kwilti yangu imejaa marinda upande wa nyuma, nifumue yote?

Shangazi habari yako, natumai uko salama. Mimi ni msomaji wako niko Roysambu na nimekwama na kitu mpaka usingizi unanipotea. Dadangu mdogo anajifungua mwezi wa nane, mtoto wa kwanza kwetu, na mimi nikasema badala ya kununua ile seti ya blanketi kila mtu ananunuanga Biashara Street, nimshonee kwilti ya viraka kwa mikono yangu. Cherehani niko nayo, ile nyeusi ya kukanyaga nilirithi kwa nyanya, na kushona najua, mapazia, foronya, sketi. Kwilti ndio sijawahi.

Vitambaa nilipewa na fundi wa hapa mtaani, mfuko mzima wa vipande vya kitenge vinavyobakia akikata magauni, halafu nikaongeza leso ya mama ya zamani, ile alitubebea nayo sote mgongoni. Nikakata viraka vya inchi 3 na nusu, nikaunga tisa tisa zikatoka bloki 20, nikaziunganisha nne kwa tano. Kwa hesabu ilikuwa itoke inchi 36 kwa 45 hivi. Haikutoka. Juu ina inchi 35, chini karibu 37, na ukingo umefanya mawimbi. Na pasi nilipiga jamani, kila mshono, pasi ya mvuke, nikivuta mpaka kila kitu kinalala. Kuna kiraka kimoja hata kiling'aa kikawa kigumu. Na kona nyingi hazikutani.

Nikajiambia itajificha nikishaweka wadingi, ile safu nene ya kujaza katikati. Nikatandika zote tatu juu ya kitanda, kitambaa cha nyuma ambacho nilikata saizi moja na ya juu, wadingi, halafu ile ya viraka, nikadunga pini kwa kingo pande zote nikaanza kushona kutoka pembeni nikiingia ndani. Juu inaonekana sawa tu. Kugeuza nyuma, Shangazi, ni marinda. Kitambaa kimejikunja na kushonewa hivo hivo, na katikati kumefura. Fundi ananiambia nimalize tu nipeleke, mtoto hajui. Lakini mimi nitajua na dadangu atajua.

Sasa nifumue yote nianze upya ama kuna njia ya kuiokoa? Kwenye YouTube naona wanatumia gundi ya kupuliza na meza kubwa kubwa, mimi nakaa bedsita, na hiyo gundi nilivyoulizia bei nikarudi nyuma. Na pasi yenyewe ningepiga aje? Nijibu tafadhali kabla sijakata tamaa.

Mshonaji wa Roysambu

*

Binti yangu, usikate tamaa na usifumue yote. Fumua tu ile mishono ya mwisho, ile uliyopitisha kwa safu zote tatu. Ya juu yenye viraka vyako 180 iache ilivyo, tutaisaidia na pasi. Na huyo fundi mshukuru kwa vitambaa, ni ukarimu mkubwa huo, lakini kwa hili wewe ndio umeona sawa. Kwilti ya mtoto inafuliwa kila wiki na kuvutwa vutwa, na kila rinda lililoshonewa nyuma ni mahali uzi utaanza kukatikia.

Nikisoma barua yako naona shida mbili zilizoshikana, na zote zilitokea kabla hujaanza kushona safu tatu pamoja. Moja ni pasi, ya pili ni vile ulishikiza. Anayeanza anaangalia sana mashine, anatafuta sindano nzuri na uzi mzuri, na kumbe kazi yenyewe iko kwa pasi na kwa bandi, yaani ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza safu, mashine inakuja kufunga kile kilichokwisha kulala, na kama hakijalala inafunga mikunjo yake vile vile ilivyo.

Tuanze na pasi. Umesema ulikuwa unavuta, na hapo ndipo. Kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana, ukikivuta kufuata uzi hakiendi mbali, lakini ukikivuta mshazari kinarefuka na hakirudi. Sasa fikiria vipande vyako vilitoka wapi. Fundi akikata gauni, kinachobaki ni cha kwapa, cha shingo, cha pembeni ya sketi pana, yaani vipande vilivyokaa pembe pembe. Wewe ukaweka rula ukakata mraba safi kabisa, lakini nyuzi ndani yake zinapita mshazari, kwa hivyo kingo zote nne zinasubiri kuvutwa. Ongeza mvuke, maana pamba ikilowa inalegea, ongeza uzito wa pasi inayoburutwa, na huo mraba haurudi kuwa mraba. Hiyo ndio 37 yako na hayo mawimbi. Ile 35 naona ni ya mshono. Kwilti inataka mshono wa robo inchi na sisi tumezoea nguo, tunashona mpana zaidi, na kwa upana wa kwilti yako kuna mishono 11, ukizidisha kidogo tu kila mmoja, hizo kidogo kidogo zinakula inchi nzima. Siku nyingine pima robo inchi kutoka kwa sindano, bandika kipande cha masking tepu kwa bati la mashine, kitambaa kipite hapo.

Pasi ya kwilti inawekwa na kuinuliwa, haisukumwi. Mshono ukitoka kwa mashine uweke vile uko, vitambaa viwili vikiwa bado vimelaliana, weka pasi juu sekunde tatu nne, inua. Hiyo inalaza uzi ndani ya kitambaa. Halafu fungua, mkia wa mshono, yaani ule ukingo unaobaki nyuma ya mshono, uuelekeze upande wa kitambaa chenye rangi nzito ndio usionekane kivuli kupitia kile cha rangi nyepesi, weka pasi tena, inua, sogeza, weka. Kisha kiache kipoe hapo hapo, kitambaa kikiwa moto hata mkono unakitanua. Mvuke uache mpaka bloki imekamilika na imelala. Na usipigie kitandani maana godoro linabonyea na kitambaa kinabonyea nalo, kunja blanketi nzito juu ya meza, tandika shuka ya pamba juu yake, hapo una mahali pagumu pa kutosha.

Najua utaniuliza juu ya tokeni za stima. Usiwashe pasi kila mshono. Shona vipande vyako vikifuatana bila kukata uzi, jozi baada ya jozi, ukimaliza rundo lote ndio unawasha pasi mara moja. Katikati hapo laza mshono kwa ukucha ama kwa mgongo wa kijiko cha mbao, inashika vizuri tu mpaka pasi ifike. Na stima ikipotea, pasi ya makaa inafanya kazi hii kwa sababu ni nzito na ni kavu, ila ifute tako kila mara na uweke kitambaa cheupe juu ya kazi, majivu kwa kitenge cha rangi nyepesi hayatoki kirahisi.

Kuhusu kona, hapo mpangilio unatangulia rangi. Safu ya kwanza mishono yake ilale kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo mpaka chini. Ukizileta safu mbili pamoja ile mikia inaingiliana, unasikia kwa kidole imefungana, na kona inakutana. Zako hazikukutana kwa sababu mikia yote ilianguka upande mmoja na viraka vilikuwa vimetanuka, sio kwa sababu huna mkono wa kushona. Na zile zilizopishana tayari usizifumue. Kule Gee's Bend, Alabama huko Marekani, wanawake weusi wameshona kwilti vizazi kwa vizazi kutoka kwa nguo za kazi zilizochakaa, mistari inapinda inavyopinda, na mwaka wa 2002 kwilti hizo zilitundikwa Whitney Museum, New York, halafu 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Leso ya mama yako iko kwa kundi hilo. Ikae ilivyo.

Kile kiraka kilichong'aa sio pamba, ni poliesta, imeanza kuyeyuka. Siku hizi vitenge vingine vya bei ya chini vina poliesta na kwa macho huwezi kujua. Chomoa uzi mmoja, ushikilie na kibanio juu ya sinki, uchome. Pamba inanuka karatasi inayoungua na inaacha majivu laini, poliesta inajikunja inakuwa kijidonge kigumu. Kata kiraka kingine cha pamba, kunja kingo ndani, kishonee juu ya hicho kwa mkono, bora hiyo kuliko kufumua katikati ya bloki.

Sasa kuiokoa. Kufumua, chukua wembe ama kile kidude cha kufumulia, kata mshono mmoja kila baada ya mitatu minne upande wa nyuma, halafu vuta uzi wa mbele utoke mrefu. Usivute vitambaa kuvitenganisha kwa nguvu, utararua leso. Vitundu vya sindano vikibaki, nyunyiza maji kidogo ukwangue na ukucha, vingi vinajifunga na vilivyobaki vitaisha kwa kufua.

Ile ya juu ipulizie stachi. Hakuna haja ya kununua ya mkebe, chukua konflawa, sio unga wa ugali tafadhali, kijiko kimoja kikubwa kwa vikombe viwili vya maji, koroga na maji baridi kwanza, chemsha mpaka iwe nyepesi na ya kung'aa, ipoe, uichuje uitie kwa chupa ya kupuliza. Puliza, ngoja kidogo inywe, halafu pasi kuanzia katikati ukienda nje, weka, inua. Mawimbi hayataisha yote lakini yatapungua, na yanayobaki yatashikwa na mpaka, yaani ukanda wa kitambaa wa kuzunguka nje. Kata vipande vya inchi 2 na nusu vya kitambaa kilichonyooka, kinachofuata uzi, uzungushie pande zote. Urefu wa mpaka usiupime kwenye ukingo maana ukingo ndio mgonjwa. Pima kupitia katikati ya kwilti, na sehemu mbili nyingine karibu na hapo, chukua kipimo cha kati, ukate vipande viwili vya pande zinazotazamana vikiwa sawa kabisa, dunga pini katikati na mwisho mwisho, na kile kinachozidi ukigawanye taratibu. Itafika kama inchi 40 kwa 49.

Kitambaa cha nyuma ulichokata saizi moja na ya juu hakitoshi, na hilo peke yake lilikuwa lishakuletea shida, maana ukishona safu zote zinasogea kidogo. Cha nyuma kinataka kuzidi inchi 2 na nusu mpaka 4 kila upande, wadingi izidi kidogo chini ya hapo. Yadi 2 za kitenge cha pamba zinatosha, upana wake huwa kama inchi 45 hivi, ama tafuta kitambaa cha marekani Eastleigh ama hapo hapo Biashara Street, ni pamba tupu na inalala vizuri sana. Kifue kwanza. Pamba mpya ikifuliwa inarudi, yaani inapungua, na viraka vyako ambavyo vimeshafuliwa kama leso havitarudi nayo. Kitenge chekundu na cha buluu nyeusi kisugue na kitambaa cheupe kilicholowa uone kama kinachuja. Kikikauka kipige pasi mpaka kisibaki na mkunjo hata mmoja, mkunjo wa nyuma ukishashonewa ndani ndio basi.

Wadingi usiipige pasi, kama ni ya poliesta itashikamana na kulala kabisa. Ikiwa ilikuwa imekunjwa kwa mfuko, itandaze usiku mzima juu ya kitanda inyooke yenyewe.

Halafu bandi, na hapa ndio naomba usiharakishe. Meza kubwa huhitaji, unahitaji sakafu. Inua kapeti, sogeza kiti, futa tailzi zikauke. Kwilti ya inchi 40 kwa 49 inaingia kati ya kitanda na mlango wa bedsita yoyote Nairobi. Tandika kitambaa cha nyuma, upande wa maua ukiangalia chini, bandika masking tepu katikati ya upande mmoja, halafu katikati ya upande unaoutazama, halafu hizo mbili nyingine, mwisho pembe. Kilale tambarare bila kukivuta. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ukikivuta sana kitaonekana kizuri hapo chini, ukibandua tepu kinarudi mahali pake na marinda yanatokea yote. Weka wadingi, ilainishe kwa viganja kutoka katikati. Ya juu ikunje mara mbili, iweke katikati, ifungue upande mmoja kisha mwingine, lainisha tena, na uangalie na tepu ya fundi kama mistari ya bloki imenyooka, hapo bado unaweza kusogeza.

Kitandani haikuwezekana. Godoro linabonyea chini ya mkono wako, kila safu inashika mahali pake pa tofauti, na kwa kuwa pini zilikuwa kwa kingo tu, katikati hakukuwa na kitu kinachoshikilia. Halafu ukaanza kushona kutoka pembeni ukisukuma kitambaa chote kilichozidi kwenda ndani, ndio kikakusanyika kikafura.

Gundi ya kupuliza achana nayo. Nyingi zinashika moto, na wewe unalala na kupikia chumba kimoja. Sefti pini ni nzuri ila utahitaji nyingi, moja kila upana wa ngumi. Mimi ningekwambia utumie uzi. Uzi mweupe, sindano ndefu, na mshono wa urefu wa vidole viwili. Usitumie uzi mwekundu ama mweusi, unaacha vumbi la rangi kwenye vitundu. Anza katikati kabisa ukienda mpaka ukingo, rudi katikati uende upande wa pili, ukamilishe msalaba, halafu pembe kwa pembe, halafu jaza mistari ikipishana upana wa ngumi. Mkono wa kushoto ushike kijiko cha chai, ncha ya sindano ikitokeza unaipokea na ukingo wa kijiko na kuiinua, hivyo huingizi mkono chini na hunyanyui safu. Magoti yatauma, weka mto. Fanya nusu, pumzika, unywe chai, safu hazitakimbia zimebandikwa.

Ukimaliza bandua, geuza, pitisha kiganja mgongoni pole pole macho ukiwa umefunga. Kidole kinaona mkunjo kabla ya jicho. Ukipata mmoja, fumua bandi ya hapo tu, lainisha, shikiza tena.

Kwa mashine sitasema mengi maana cherehani unaijua. Anza katikati uende nje kila mara, mshono mrefu kidogo, milimita 3, sindano namba 90. Zile za kizamani za kukanyaga mara nyingi zina skrubu juu ya ile nguzo ya kushusha kiguu, ilegeze kidogo, kwa sababu meno yanasukuma kitambaa cha chini huku kiguu kinazuia cha juu, na safu tatu nene zinahisi hilo kuliko nguo. Kunja pande mbili ziwe bomba ili uzito ukae juu ya meza, kwilti ikining'inia inavuta. Fuata mistari ya bloki tu, inatosha kabisa kwa ya kwanza. Wadingi nyingine zinataka mistari ya karibu karibu, muulize aliyekuuzia. Bandi itoe mwisho.

Kama hata hivyo utaamua kutumia pini, zihesabu zikiingia na uandike namba kwa karatasi, na zihesabu zikitoka. Isipolingana usimpe mtu hiyo kwilti mpaka umeipapasa yote mpaka umeipata. Ni ya mtoto.

Ukimpelekea dadako umwambie pia kwamba madaktari wanashauri mtoto asilale na blanketi wala kwilti huru kitandani kabla hajatimiza mwaka, anaweza kujifunika uso. Kwa hivyo mwaka wa kwanza atandikiwe sakafuni, alazwe kwa tumbo akiwa macho na mtu mzima akimwangalia, na hapo ndio kazi ya pasi itaonekana maana uso wa mtoto unagusa mshono. Aifue kwa maji ya baridi, aianike kivulini, na asiipige pasi ya moto juu ya hiyo wadingi.